Vipande Vitatu vya Kaakaa

Doa lilikuwa kwenye kaakaa, zambarau kama bilinganya, upana wa punje ya haragwe. Aliyeliona ni mng'oa meno wa Busia, niliyemwendea kwa shida ya jino tu. Alizima taa, akaiwasha tena. Mtu akikutazama mdomoni kisha akaanza kukuita "mama yangu", ujue bei imepanda.

Miezi miwili kabla nilikuwa nimepimwa damu, nikakutwa na virusi, nikaanza dawa. Kwa hiyo nililijua jina alilokuwa analizungukazunguka: Kaposi, saratani iliyommaliza shemeji yangu enzi ambazo dawa za virusi tulizisikia redioni tu. Yeye pia ilianzia mdomoni. Nilitaka kujua kitu kimoja: ni hiyo, au siyo?

Hospitalini Tororo, daktari kijana mwenye sauti ya chini alisema macho hayatoshi. Madoa ya namna hii hufanana. Lazima nyama ikatwe, ipelekwe maabara.

"Vipande vitatu, mama. Vidogo."

"Kimoja."

"Mama, hapa hatupatani bei."

"Kila mahali watu hupatana. Kimoja, na mimi sipigi kelele."

Dada yangu, aliyenisindikiza, alificha uso kwenye leso. Foleni ilikuwa ndefu na daktari amechoka. Akakata kimoja, pembeni mwa doa. Nilitoka kifua mbele kama mtu aliyemshinda ajenti wa forodha.

Majibu yakarudi: uvimbe kidogo, vimishipa vya damu vimeongezeka, haijulikani.

"Haijulikani maana yake siyo?"

"Maana yake haijulikani." Akaniuliza nafanya kazi gani.

"Nanunua maharage hapo mpakani. Kwa magunia."

"Gunia moja unalichoma bambo mara ngapi?"

Bambo ni kile chuma chenye mfereji cha kutolea sampuli. Nachoma juu, katikati na chini, kisha narudia, maana wauzaji wetu wanajua kuficha mabovu. Dada ndiye aliyejibu: "Mara sita, daktari. Wakimwona wanakimbia."

Nikafungua mdomo.

Safari hii alikata vitatu, na majibu alinichorea nyuma ya fomu. Pembeni, tishu karibu ya kawaida. Katikati, vimishipa vimezagaa ovyo, damu imevuja. Palipoinuka kidogo, chembe ndefu nyembamba zimelaliana kama mafungu ya nyasi za kuezekea, na rangi ya kutafutia kirusi cha Kaposi imeshika. Doa moja, sura tatu. Kipande nilichokipigania kingeniacha gizani.

"Ni yenyewe," nikasema.

"Ni yenyewe. Lakini ni changa, na iko hapo tu."

Kifua safi, tumbo safi, ngozi safi. Nilimwambia aitazame tena picha ya kifua, akaitazama. Akasema niendelee na dawa za virusi bila kuruka hata siku moja. Zisipotosha, ipo dripu ya dawa za saratani. Dada alilia. Mimi nilishusha pumzi niliyoishika tangu kwa mng'oa meno. Shemeji hakuna aliyewahi kumwambia kuna cha kumeza.

Miezi ilipita. Daktari akamulika kaakaa.

"Limefifia."

"Tazama tena."

"Limefifia, mama. Hata ukinibembeleza, sipunguzi neno."

Nje ya lango nilinunua muhogo wa kuchoma, nikaomba pilipili, niliyokuwa nikiiogopa tangu kisu cha kwanza. Iliniwasha mdomo mzima, kila mahali sawasawa.