Vidonge vya Mashavu

Mimi ndiye niliyempa. Naliweka hilo mbele kabisa, mtu asije akanihurumia bure.

Miaka ile ya vita nilikuwa na meza yangu sokoni Jabe, kule mjini. Juu ya meza sabuni, vitana na mafuta ya nywele. Chini ya kitambaa, vidonge vya mashavu. Ndivyo wateja walivyoviita. Vilivuka ziwa pamoja na mizigo mingine, vidogo, vyeupe, bila karatasi ya maelezo, na msichana akivimeza wiki mbili tatu uso unajaa. Siku hizo kukonda kulikuwa balaa. Ukikonda, watu hawakusema vita vimekunyima chakula. Walisema una Sida, yaani Ukimwi. Basi mabinti walinunua, na kwa mdomo huu nilionao, hata aliyekuja kutafuta sabuni aliondoka navyo.

Mdogo wangu, tumbo moja, alikuwa mwembamba tangu kuzaliwa. Tuliishi wawili tu, mtaa wa Carama, pembeni mwa mji, wazazi walikuwa wameshatangulia. Akapata mchumba, kijana mpole, karani kule bandarini. Siku shangazi ya yule kijana alipokuja kutuona, alimpima mdogo wangu kwa macho kuanzia utosini mpaka vidoleni, akamaliza Fanta yetu, ndipo akasema, "Mutoto ni muzuri. Lakini mbona amekauka hivi? Ako na afya kweli?"

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawaka. Nilitabasamu, nikamsindikiza hadi barabarani, nikarudi. "Acha arudi yule mama," nilimwambia mdogo wangu. "Atakuta mashavu mpaka atafute macho yako yako wapi."

Alicheka, akameza. Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Kisha viwili viwili, kwa sababu mimi sijui kungoja. Na alijaa kweli! Majirani wakawa wanamtania, "Eh, bibi arusi, umeiva," nami najivuna kana kwamba nimemzaa.

Mwezi wa nne wa kuvimeza akaanza kulalamika nyonga. "Dada, hapa ndani ya paja, ni kama mutu ananichoma. Niache vidonge kwanza?"

Nilimjibu nini? Nilimwambia asinidekee. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nikasema, arusi iko mlangoni. Akaendelea miezi mingine miwili kwa ajili yangu, na mwishowe kuinama kwenyewe ndiko kulikomshinda. Hakuweza kuchuchumaa jikoni. Kanisani wenzake walipiga magoti, yeye akabaki amekaa, na watu wakadhani ni maringo ya mchumba.

Hospitali walimpiga picha. Daktari aliishika mbele ya dirisha, akatuonyesha kichwa cha mfupa wa paja, mahali kinapoingia kwenye nyonga. Kilitakiwa kiwe mviringo. Kilikuwa kimebonyea.

"Mfupa huu unakufa," alisema.

"Mfupa unakufa namna gani, na mwenyewe muzima?" niliuliza.

"Mfupa nao unaishi kwa damu, mama. Damu isipofika, unakufa peke yake." Akamgeukia mdogo wangu. "Wewe bado kijana sana kwa ugonjwa huu. Kuna dawa ulikuwa unakunywa?"

Nilikuwa nimesimama kando ya kitanda. Mimi, ambaye soko zima hakuna aliyeniweza kwa maneno, ulimi ulinikauka. Mdogo wangu hakunitazama hata kidogo.

"Vidonge vya kunenepa," alisema. "Nilinunua mwenyewe, kwa mama mumoja, simujui."

Daktari alimgombeza yeye. Akamwambia avipunguze kidogo kidogo, asikate ghafla mwili ukashtuka, asibebe kitu, atembelee gongo. Nyonga ya bandia ilipatikana nje ya nchi, na sisi hata kufika mjini salama ilikuwa bahati. Nilisimama pale nikasikiliza yote. Aibu ile ninayo mpaka leo.

Mwezi ule alipomaliza kidonge cha mwisho, nilimwaga chooni vyote vilivyokuwa chini ya kitambaa. Sikumwambia, naye hakuniuliza. Yule shangazi alituma mtu kusema kwamba arusi ingoje vita viishe. Vita vikaisha, hawakurudi.

Lakini kabla havijaisha, asubuhi moja risasi zililia upande wetu. Si za mbali tulizozoea kulala nazo. Hizi zilipasua mabati. Majirani walishika godoro, sufuria, mtoto, wakakimbia kuelekea mjini. Mdogo wangu alikuwa amekaa kizingitini na gongo lake.

"Nenda, dada. Mi nitafuata."

"Utafuata na nini?" nilimfokea. Mana yanje, Mungu wangu, hata saa ile nilifoka!

Nikachutama mbele yake, nikamvuta mgongoni, nikamfunga kwa kitenge kama anavyofungwa mtoto. Alilia nilipomtanua mguu. Nikakaza magoti, nikajiandaa kunyanyua uzito wa yule bibi arusi aliyeiva, nikasimama kwa nguvu zote, nusura nianguke kifudifudi. Uzito haukuwepo. Mashavu yote yale yalikuwa yamekwenda, mguu tu ndio haukurudi kama zamani.

Tulipofika barabara kubwa, nikihema, lilinitoka neno lililonishinda mbele ya daktari. "Ni mi nilikuharibu. Nisamehe."

Nilisikia pumzi yake shingoni, kisha mdomo wake sikioni.

"Bora nimekonda tena, dada," alisema. "Sasa unaweza kunibeba."

Nililia njia nzima mpaka Jabe, na mgongoni ilikuwa kama sikubeba mtu.