Mama Twende Anayewapa Ndege Mgongo

Maji yanajaa kwenye mlango wa mto. Wageni wanne wamechuchumaa juu ya fungu la mchanga, darubini machoni. Mbele yao vitwitwi, wale ndege wadogo wa matopeni wenye miguu kama njiti, wanakimbia huku na huku wakidonoa. Mwongozaji wao amewapa ndege mgongo. Anatazama mkondo waliouvuka asubuhi, maji yakiwa ya kifundoni.

"Twende," anasema.

"Bado kidogo, mama. Ndio kwanza wanasogea!"

Huo ndio mtihani wa kazi hii. Maji yakipanda, tope hufunikwa na ndege husogezwa karibu na watu. Maji hayohayo hupita nyuma yao na kufunga njia ya kurudi. Saa ya kuona vizuri ndiyo saa ya kuondoka.

Kila mtu hapa humwita Mama Twende. Zamani alichimba chambo kwenye tope hilihili. Sasa safari tatu kwa wiki, msimu ukiwa mzuri, ndizo kodi ya nyumba na ada ya watoto wawili.

Msimu uliopita aliazima darubini ya mgeni, akanogewa. Alipogeuka, mkondo umejaa. Walivuka wameshikana mikono, maji kifuani. Mzee mmoja akateleza, akazama, na Mama Twende akamdaka kwa mkanda wa begi.

"Alikohoa, akacheka, akasema ndege walikuwa wazuri. Mimi sikucheka. Mpaka leo nikilala, mkono unautafuta ule mkanda."

Tangu siku hiyo hajagusa darubini. Anaogopa, na hafichi.

"Wenzangu wanasema woga wangu unafukuza wateja. Wacha wanicheke. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio."

Anasema "twende" tena, safari hii bila mzaha. Wanavuka maji yakiwa mapajani. Ng'ambo anahesabu vichwa, kisha anarudia kuhesabu.

Kuanzia wiki ijayo wifi yake, muuza mitumba, atasimama ukingoni kutazama maji. Yakifika kwenye kigingi walichokichomeka, apige kelele.

"Wifi yangu ana koo, wewe! Akipaza sauti, ndege wote wataruka," anasema Mama Twende akikamua upindo wa sketi. "Waruke tu. Lakini kabla hajapiga kelele, na mimi nitakuwa nimewaona."