Wifi Selina na Samaki Wenye Miguu

Wifi yangu Selina alikuwa na sauti ya kufukuza nyani shambani bila kurusha jiwe. Akisimama mlangoni kwake akaita "We!", nyani wa kijiji cha Mnazi, huko chini kabisa bondeni, wanaacha mahindi wanakimbia. Anayebisha na abishe. Mimi niliwaona kwa macho yangu, na vitoto mgongoni.

Siku nilipoletwa kwao kuolewa alinishika mikono, akaigeuzageuza kama anayechagua mihogo, akasema mbele ya wageni, "Kaka yangu ameleta mtu wa kula. Wa kulima atamleta lini?"

Nikamjibu, "Wa kulima si mnaye hapa? Ndiyo maana hamtaki kumwoza."

Maana yeye alikuwa bado yuko nyumbani. Wageni walicheka mpaka pombe ikamwagika. Tangu siku hiyo tukapendana, yaani hatukupitisha siku bila kutukanana.

Mambo ninayosimulia ni ya wakati wa vijiji vya Ujamaa, tulipoambiwa tusogee karibu na barabara, hata sisi ambao barabara yenyewe ilikuwa haijasogea kwetu. Kutoka Mlalo, basi linapoishia, kuja kwetu ni mwendo wa saa mbili kwa mguu, na zote mbili za kupanda. Tulijenga zahanati kwa kujitolea, tukaletewa mganga, Bwana Bakari, mtu wa Tanga mjini, aliyevaa makoti mawili mwaka mzima na bado akatetemeka. Selina akapata kazi ya mhudumu: kufagia, kuchemsha sindano, na kuwaita wagonjwa kwa ile ile sauti ya nyani.

Kazi ile aliipenda kuliko chakula. Lakini ilikuwa na mwiba. Mhudumu aliyemtangulia alimpa mzee mmoja dawa ya upele akainywa kwa kikohozi. Mzee alipona vyote viwili, lakini Bwana Afya wa wilaya, jina lake Zahoro, hakufurahi. Akaleta barua kwamba mhudumu asiyejua kusoma hatashika ufunguo wa kabati la dawa, na asiyeshika ufunguo hana kazi. Baada ya mavuno angekuja mwenyewe kutoka Lushoto kumpima Selina. Akishindwa, anarudi kukaa kwa kaka yake, yaani kwangu, tugombanie sufuria moja. Mnaona basi kwamba hata mimi nilimwombea ajue kusoma.

Kisomo cha watu wazima kilikuwa alasiri, kwenye baraza ya zahanati, na mwalimu ni Bwana Bakari huyo huyo. Kitabu chake kina picha ya jembe, chini yake neno JEMBE. Picha ya kuku, chini yake KUKU. Naye akitusisitiza, "Tazama picha kwanza, kisha soma neno." Mimi nilihudhuria siku mbili. Siku ya tatu niliona ile picha ya kuku nikakumbuka kuku wangu sijawafungia, nikaondoka, na mpaka leo sijarudi. Selina akaendelea. Alikuwa amefika KA, KE, KI.

Sasa, Bwana Bakari alikuwa na siri yake. Alikuwa amewaandikia marafiki zake wa Ulaya wamletee sanduku la kioo la kufugia samaki, aliweke mahali pa kungojea, ili watoto wanaochomwa sindano wakodolee samaki wasahau kulia. Hakumwambia mtu. Sanduku likaja kwa meli hadi Tanga, kwa treni hadi Mombo, kwa lori hadi Lushoto, kwa basi hadi Mlalo. Na siku lilipofika, mwenyewe ameshuka Lushoto kufuata chanjo. Kondakta wa basi akatuma neno moja tu: "Kuna mzigo wa watu wa juu."

Tukashuka: Selina, mimi, wanaume wanne wenye mabega, na Rubeni, mzee wa kanisa letu la Kilutheri. Tukakuta kasha la mbao kubwa kama jeneza la mtu mfupi mnene. Ubavuni limechorwa kikombe chenye shingo ndefu, na mwavuli. Chini ya kikombe, huko njiani mtu alikuwa ameandika neno kwa chaki.

"Haya, msomi wetu," Rubeni akasema. "Kumeandikwa nini?"

Selina akajipangusa uso kwa kanga. Akatazama picha kwanza, kama alivyofundishwa. Kisha akaweka kidole kwenye neno. "KI..." akasema kwa sauti. "KI... Kikombe! Ni vikombe!"

Rubeni alivua kofia. Kanisa letu lilikuwa limeomba vikombe vya Meza ya Bwana, na huo ulikuwa mwaka wa tatu wa kungoja. "Na mwavuli?" akauliza.

"Wa mchungaji," nikasema mimi. "Atatoaje ushirika amelowa?"

Nani angebisha? Rubeni akatuma mtu akaita wapiga tarumbeta wawili. Tukapandisha lile kasha kwa nyimbo na vigelegele. Kila kona wanaume walilinyanyua juu mara tatu, kama bwana harusi, kisha wakalitua chini puu! na kucheza. Kwenye kona ya nne nilisikia ndani kitu kikilia chwaa.

"Sikieni," Selina akasema huku machozi yanamtoka, "vikombe vinaimba!"

Vikaimba tena kwenye kona ya saba. Baada ya hapo ilikuwa kama vinakohoa.

Rubeni alilifungua kasha kanisani kwa panga. Nyasi kavu, nyasi kavu, kisha sanduku la kioo tupu, pana la kuogeshea mtoto, upande mmoja umepasuka vipande vitatu. Hakuna kikombe hata cha chai. Kulikuwa na barua yenye jina la Bwana Bakari, na katika barua picha ya samaki. Hapo hata mimi nilisoma.

Selina alikaa chini kwenye sakafu ya kanisa. Sauti yote ya nyani ilikuwa imemtoka. "Wifi," akasema, "nimekwisha. Mtu atakayesema nilisoma kikombe, ndiye atakayenifukuza kazi."

"Basi nani atasema?" nikamjibu. "Rubeni ndiye aliyecheza kuliko wote. Mgosi, mzee wetu, utasema?"

Rubeni akatazama panga lake. Alikuwa mtega ndege hodari. Ulimbo wake, ule utomvu wa mkuyu aliokuwa akiupika mpaka unakuwa mzito, uliwahi kunasa mbuzi, na mwenye mbuzi alipokuja kumkwamua akanasa naye, wakaja kutolewa pamoja kesho yake. "Nitaleta chungu kizima," akasema. Mimi nikaleta nta ya nyuki. Tukaviunga vipande vile, ulimbo ndani, nta nje, tukaufunika upande ule kwa kipande cha kanga na kuugeuzia ukutani. Bwana Bakari aliporudi alikuta sanduku limekaa zahanati kama lililozaliwa pale.

Lilivuja, lakini kwa adabu, tone tone. Selina alikuwa akipiga deki na kujaza maji mara nne kwa siku. "Mhudumu wangu," Bwana Bakari akamsifu, "Tanga nzima hakuna sakafu safi kama hii!"

Tatizo likabaki samaki. Kijito chetu ni cha baridi, samaki hana haja nacho. Nilienda na ndoo nikarudi na nilichopata: weusi, wenye vichwa vikubwa na vimkia, wanaochezacheza vizuri sana. Bwana Bakari aliinama akawatazama kwa muda mrefu.

"Bibi," akaniambia, "mimi ni mtu wa pwani. Hawa ni viluwiluwi."

"Ni samaki, mganga. Baridi imewadumaza. Wewe mwenyewe ulipokuja ulikuwa mrefu zaidi."

Akakaza koti la juu. Watoto walikuwa wamebandika pua kwenye kioo, wanachomwa sindano hawajui. Unamkatalia nani?

Wiki zikapita, na viluwiluwi hawangoji mtu. Siku Bwana Zahoro alipofika, anahema kwa kile kilima, shati limemganda mgongoni, samaki wetu walikuwa tayari wana miguu minne kila mmoja.

"Shikamoo, mzee," Selina akamwamkia.

"Marahaba." Bwana Zahoro alikuwa ameshaliona sanduku. Akavaa miwani. Akaivua, akaifuta, akaivaa tena. "Samaki gani hawa wenye miguu?"

Bwana Bakari akaniachia mimi nijibu.

"Samaki wa milimani, bwana mkubwa," nikasema. "Asiye na miguu atapandaje huku? Hata wewe umekuja kwa miguu."

Akacheka kidogo, nikadhani yamekwisha. Kumbe alitaka kuona sanduku limetengenezwa wapi. Akalikumbatia kwa mikono miwili aligeuze, viganja vyake vikaingia nyuma ya kanga moja kwa moja kwenye ulimbo wa Rubeni. Akavuta. Hakutoka mtu. Kilichotoka ni kipande cha kioo, na maji yote, na vyura kumi na saba. Waliruka kwenye mapaja ya kina mama, kwenye kapu la bandeji, mmoja kwenye mfuko wa koti la Bwana Bakari. Watoto walishangilia kama sikukuu. Bwana Bakari akadaka sanduku lisiangukie miguu ya mkubwa wake, na hapo wakabaki wawili wameshikana na kioo, hakuna wa kuondoa mkono.

"Nani alipokea mzigo huu?" Bwana Zahoro akanguruma.

Nilikuwa na uongo tayari, mzuri, wenye tetemeko la ardhi na ngedere wawili. Nikafungua mdomo. Selina akanigusa bega.

"Nyamaza, wifi. Hili ni langu." Akaleta ule ubao wa kasha, aliokuwa ameuficha nyuma ya mlango. "Ni mimi. Mwalimu alitufundisha tutazame picha kwanza, kisha neno. Picha ni kikombe. Neno linaanza na KI. Nikasema kikombe, tukalichezesha njia nzima. Ndivyo lilivyovunjika."

Bwana Zahoro akamgeukia Bwana Bakari, pua kwa pua. Hawakuwa na mahali pengine pa kutazama. "Ndivyo unavyofundisha?"

"Ndivyo kitabu kinavyosema," Bwana Bakari akajibu kwa unyonge.

"Na sasa pameandikwa nini?"

"Ki-o-o," Selina akasoma. "Kioo. Nilikuja kulimaliza neno, kioo chenyewe kimeshavunjika."

Bwana Zahoro alijaribu tena kuvuta mkono, akaguna. "Jamani, kinachotoa kitu hiki ni nini?"

"Mafuta ya taa," nikasema. "Mbuzi tulimtoa kwa hayo hayo."

"Yamo kabatini," akasema Bwana Bakari, "lakini chupa zimefanana. Spiriti, dawa ya upele, mafuta ya taa, zote za rangi moja. Selina, usije ukam..."

Selina alikuwa ameshachomoa ufunguo kiunoni mwa Bwana Bakari. Akafungua kabati. Vyura tu ndio waliozungumza. Zile chupa hazikuwa na picha hata moja, ni karatasi na mwandiko wa Bwana Bakari, ambao ni kama kuku amepita. Kidole kikaenda kwenye chupa ya kwanza, midomo ikacheza, kikaondoka. Ya pili, kikaondoka. Ya tatu. "Ma-fu-ta," akasema. "Ya. Ta-a."

Hakunusa hata kunusa. Akammiminia Bwana Afya wa wilaya mikononi, akaanza kumsugua kidole kimoja kimoja, kama mtoto. Mimi ndiye niliyenusa, kwa wasiwasi. Yalikuwa mafuta ya taa.

Mkubwa alipokwisha kukwamuka alikunywa chai yetu, akinuka kama kibatari, akashuka na giza halijaingia. Kuhusu ufunguo hakusema neno, na Bwana Bakari hakukumbuka kuudai. Nami nilimwona Selina akiufunga kwenye pindo la kanga, mafundo mawili, polepole, akitazama kwingine.

Ufunguo huo alikaa nao miaka kumi na tisa. Zile pande tatu za kioo zilizobaki nzima Rubeni aliziweka kwenye dirisha la zahanati, na vyura wakahamia mfereji wa nyuma. Nikienda kuomba dawa ya mgongo Selina ananinyanyulia chupa mbele ya watu wote: "Soma kwanza, wifi, ndipo nikupe."

"Nitasomaje? Haina picha."

Ananipa, lakini baada ya kuniita mtu wa kula.