Wamama wa kijijini walinifungia mlango nilale, bosi akatokea

Wakuu, habari za mchana. Haya yamenikuta mwenyewe, siyo ya "rafiki yangu mmoja". Anayetaka chai za kutunga akatafute uzi mwingine.

Mimi ni nesi. Nipo zahanati moja milimani, ukishapita Mkuyuni unaendelea kupanda. Jina sitaji, msinitafutie balaa.

Tulikuwa wawili. Mwenzangu akahamishiwa Gairo, nikaambiwa mbadala anakuja. Mpaka leo anakuja tu.

Basi mapokezi mimi, sindano mimi, dawa mimi, kuzalisha mimi, kufagia mimi. Nyumba yangu iko ubavuni mwa zahanati, kwa hiyo off nilikuwa naisikia tu kwa wengine. Jumapili nafua, mtu kasimama uani: "Nesi, hodi, nina kikohozi tangu mwezi uliopita."

Sasa mwezi mzima ulikuwa wapi, baba?

Ikafika mahali nikaanza kuwachukia wagonjwa. Naandika kama ilivyo. Mtoto akilia nasikia hasira, huruma sina. Nikaona hapa ama niache kazi, ama siku moja nitamdhuru mtu.

Siku hiyo nampima presha Bi Mwanaidi, mama mtu mzima anayeuza ndizi. Nimeshamfunga kipimo mkononi, nikaweka kichwa mezani kidogo tu.

Kuja kushtuka, nimefunikwa khanga yake na foleni nzima iko kimya. Mwenyewe bado kakaa, kipimo mkononi, hakutaka hata kunitikisa.

"Shikamoo bibi, nisamehe."

"Marahaba. We mtoto, nani anakupikia?"

Nililia, wakuu. Nesi mzima na gauni langu jeupe, nalia mbele ya foleni.

Huku mwanamke akijifungua haachwi peke yake. Wenzake wanamchemshia maji ya kuoga, wanampikia uji wa pilipili manga, na wageni wanazuiwa mlangoni apumzike. Bi Mwanaidi akatangaza pale pale: "Huyu katuzalishia kijiji kizima. Jumapili na yeye ni mzazi."

Nikadhani utani. Weee! Jumapili wakaja na kuni zao. Uji, supu ya kuku, maji ya moto. Bi Mwanaidi akaweka kigoda mlangoni kwangu, kila anayekuja anahojiwa. Uchungu? Pita. Damu? Pita. Mtoto ana degedege? Kimbia, nesi aamshwe!

Kikohozi? "Kesho, baba. Nesi kajifungua."

Nikalala mchana kweupe. Nilikuwa nimesahau kumbe inawezekana.

Ikawa ndiyo kila Jumapili, mpaka moja bosi kutoka wilayani akatokea bila taarifa. Niko ndani, nasikia kila kitu.

"Nesi yuko wapi? Kazi ya afya ni wito!"

Bi Mwanaidi hakuinuka kwenye kigoda. "Basi na wewe umeitwa, mwanangu. Ingia, chumba cha sindano kile pale. Huyu analala."

Wamama wakaangua kicheko. Nikatoka na khanga yangu, nywele timutimu. Bosi kafura, ananiambia nitapewa onyo na nitahamishwa.

Nikajikaza, nikamjibu: "Mzee, uchungu na dharura naamka saa yoyote. Kikohozi cha mwezi mzima siamki. Kama sifai, niletee kwanza huyo mwenzangu, halafu nihamishe."

Akapanda gari lake.

Onyo lilikuja kweli, nikasaini. Jumapili iliyofuata nikalala tena.

Nilichojifunza: msaada nilikuwa nausubiri kutoka wilayani tu, nikaona aibu kuwaambia majirani kwamba nimechoka. Aibu imeisha. Na wakubwa mnaosoma humu msijisahau, uji wa wamama siyo nesi wa pili. Bado namtaka, na nitaendelea kumdai kila mkija.

Manesi, madaktari, wahudumu wote mliomo humu: mlangoni kwako amekaa nani? Mwageni yenu hapa, na wale wa "vumilia, ni wito" nanyi karibuni.

Majibu nitasoma kesho. Leo Jumapili, na uji umeshaiva.