Yule Bwana wa Ng'ombe

Baba alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi huko Mbezi Beach nikiwa darasa la tano. Alikuwa fundi mwashi, na nyumba aliyokuwa akiijenga ilikuwa ya ghorofa, ya tajiri ambaye sisi hatukuwahi kumwona. Ubao ulikatika, naye akafikia mgongo. Hospitali walipomruhusu, alirudi kwetu Manzese akiwa mzima kuanzia kiunoni kwenda juu tu. Tangu siku hiyo alilala kitanda cha chumba cha mbele, karibu na dirisha, akisikiliza mabasi ya mwendokasi yakipita barabara kubwa na kuwatambua majirani kwa mburuzo wa ndala zao.

Watu huniuliza nilianzaje kupenda vitabu. Wanategemea niwatajie mwalimu fulani aliyenifungua macho. Hayupo. Nilianza kusoma kwa sababu baba alikuwa amechoka kutazama bati. Kushika kitabu juu ya uso kulimchosha mikono, kwa hiyo kila nikitoka shule nilipindua ndoo, nikaikalia pale kichwani pake, nikamsomea. Nilimsomea magazeti yaliyofungiwa dagaa, karatasi za maelekezo ya dawa, na kitabu changu cha Sayansi mpaka akajua chakula kinapita wapi baada ya kumezwa. Zaidi ya yote nilimsomea vitabu vya hadithi ambavyo mwalimu wetu wa darasa alivihifadhi kwenye boksi la sabuni na kutuazima kila Ijumaa.

Hakuwa msikilizaji mpole. Aligombana na watu wa kwenye hadithi kama wanamdai kodi. "Huyu naye mjinga! Sasa si angeuliza kwanza?" Nikiruka mstari ili niwahi kwenda kucheza, alijua, sijui alijuaje. "Rudi. Umeruka." Na nikiongeza la kwangu ili mambo yanoge, aliniinulia kidole. "Hayo yameandikwa au ya kwako? Soma kilichoandikwa, mama. Usinitilie chumvi."

Mama alikuwa akiuza dagaa sokoni Tandale. Alirudi alasiri, akanawa, akakaa kizingitini na ungo wake wa mchele. Ukimwuliza alikuwa akisikiliza, alikataa katakata. Lakini nikimaliza kusoma, mchele ulikuwa haujachambuliwa hata robo. Ilikuwa nyumba yenye shida zote unazoweza kuzifikiria, na saa ile moja hatukuwa na shida hata moja. Ninasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Kisha nikafaulu kwenda sekondari. Baba alifurahi mpaka akataka kuinuka. Na mimi siku ya kwanza tu kidato cha kwanza nikagundua kwamba nimekuwa mjinga. Miaka yote ya shule ya msingi tulifundishwa kwa Kiswahili, halafu asubuhi moja ya Januari kila kitu kikawa Kiingereza, kana kwamba tulilala watoto wa hapa tukaamka watoto wa kwingine. Ini nililijua, moyo niliujua, mizizi na majani niliyajua. Yote yaliondoka na majina yake. Na ukikamatwa unaongea Kiswahili, ulipelekwa kuosha vyoo. Mimi nilichagua kunyamaza. Mtoto aliyekuwa akisoma kwa sauti mpaka majirani wanamwambia apunguze alikaa dawati la nyuma muhula mzima bila kusikika.

Nyumbani baba aliuliza kama kawaida, "Leo tunasoma nini?" Nikamjibu vitabu sasa ni vya Kiingereza. "Kwani havisomwi?" akaniuliza.

Muhula wa pili mwalimu wa Kiingereza akatugawia vitabu vya hadithi. Vilikuwa vichache, kwa hiyo vilizunguka. Ukikipata unakaa nacho wiki mbili, unajibu maswali yake, unampa mwenzako. Nani mhusika mkuu, taja dhamira, eleza hadithi inavyoisha. Kitabu changu kilikuwa chembamba, jalada lake lina mtu anayetembea peke yake kwenye barabara ya vumbi. Nilikifungua njiani nikakifunga. Maneno niliyoyajua katika ukurasa mzima yangeenea kwenye kiganja.

Baba hakutishika. Alimtuma mama kwa jirani akaazime kamusi, nayo ikaja bila jalada, na kurasa za mwisho zimeng'oka, ikiishia herufi V. Tuligawana kazi. Mimi nilisoma neno, nikamtajia herufi zake, naye akalitafuta kamusini akiwa ameiegemeza kifuani kwa mto. Akilipata alilitamka kwa fahari, kana kwamba amelibuni yeye. Maneno ya W tuliyabahatisha. Ndipo niliposhangaa kuona jinsi Wazungu walivyo na mambo mengi yanayoanza na W.

Polepole yule mtu wa kwenye jalada akaanza kuonekana. Alikuwa amesingiziwa kuiba ng'ombe wa jirani yake. Wazee wa kijiji hawakumsikiliza, wakamfukuza, naye akaamua kwenda kwa miguu mpaka kwa mtawala wa nchi ile, mbali sana, ili asikilizwe. Hakuwa na chakula wala viatu. Jina lake lilitushinda kulitamka, tukamwita yule bwana wa ng'ombe.

Baba alimpenda mtu yule kuliko nilivyowahi kumwona akimpenda mtu wa kitabuni. Baada ya ile ajali, waliomwajiri walisema alipanda jukwaani bila uangalifu. Hakuna aliyemwuliza yeye. Hakulizungumza mbele yangu hata siku moja, nililisikia kwa mama. Lakini kila tulipofika mahali yule bwana amechoka, baba alipiga godoro kwa ngumi. "Twende, bwana, twende! Usikae hapo!"

Tulikwenda ukurasa mmoja kwa siku, siku nyingine nusu. Wiki mbili ziliisha tukiwa katikati ya kitabu. Niliandika majibu mpaka pale tulipofika, na kwenye swali la mwisho nikaeleza ukweli kwamba bado tunasoma. Mwalimu alilisoma jibu langu mbele ya darasa. Darasa likacheka, na nikapata alama za kunifanya nilifiche daftari chini ya godoro. "Wenzako wote wamemaliza," aliniambia. "Wewe una nini?"

Rafiki yangu wa dawati alinivuta pembeni wakati wa mapumziko. "Shoga, wewe nawe! Unajisumbuaga bure. Kwani nani kakisoma? Si kuna desa?" Desa ni majibu yaliyokwisha kuandikwa na waliotutangulia, na yalipita mkono kwa mkono, kidato kwa kidato, kwa kuwa maswali hayakubadilika. La kitabu changu lilikuwa karatasi moja iliyokunjwa mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Dhamira zote zilikuwemo, zimepangwa vizuri. Na chini kabisa, sentensi moja: mwishoni anafia njiani.

Nilirudi nyumbani na karatasi ile mfukoni. Baba aliponiona tu alijua. Nikamweleza yote, alama, kicheko, desa. "Na mwisho wake umeandikwa humu," nikamwambia. "Nikusomee?"

"Usiniambie!" Aliziba masikio kweli, kwa viganja vyote viwili. "Weka mbali hiyo karatasi. Sie tutafika wenyewe."

Nilirudia zoezi kwa kunakili desa, nikapata alama nzuri, mwalimu akaweka tiki nyekundu kwenye kifo cha yule bwana. Kitabu kikaenda kwa mwingine. Niliomba kukiazima tena, nikaambiwa nisubiri zamu iishe. Zamu ilipoisha kitabu hakikuonekana. Nikauliza tena, mwalimu akaniuliza nataka nini nacho wakati zoezi nimeshalipasi.

Baba hakuacha. Kamusi ilirudi kwa mwenyewe, kitabu hatukuwa nacho, lakini jioni nikikaa kwenye ndoo alianza yeye. "Leo atakuwa amefika mtoni. Unaonaje, maji yatakuwa mengi?" Ama, "Mvua kama hii, yule bwana amejibanza wapi?" Nami nilimjibu kama naendelea kusoma. Mama naye, pale kizingitini, siku moja alijisahau akasema, "Si akaombe chakula kwenye nyumba za watu?" Tulicheka sote. Hata hivyo mimi nilikuwa na jiwe moyoni, kwa sababu nilijua alipoishia, na wao walikuwa wanamtafutia chakula.

Nikiwa kidato cha pili vidonda vya mgongoni kwa baba vikaharibika. Alipelekwa hospitali akarudishwa, akapelekwa tena akarudishwa. Alikonda hata pete ya ndoa mama akaivua na kuifunga kwenye kitambaa. Homa ikipanda aliongea na mafundi wenzake, akidai zege liletwe.

Alasiri moja homa ilimwachia. Mama alikuwa anachemsha uji. Baba aliniita nikae, nikavuta ndoo. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Haya, mama. Niambie. Yule bwana alifika?"

Nilikuwa mtoto, lakini nililielewa swali lile. Mtu aliyesema tutafika wenyewe alikuwa ananiambia kwamba yeye hafiki. Machozi yalinijaa nikayazuia. Nilitamani nimwambie amefika, ameketishwa, amepewa maji, na jirani yake ameumbuka. Lakini yeye ndiye aliyenifundisha nisome kilichoandikwa, na nilikuwa nimekiona kimeandikwa, na tiki ya mwalimu nilikuwa nimeiona.

"Hakufika, baba. Alifia njiani."

"Njiani?"

"Ndiyo, baba."

"Alikuwa amekaribia?"

"Hawakuandika."

Alitazama bati. "Basi," akasema. "Amejitahidi." Kisha akaniambia nikachote maji, mama yangu asije akabeba peke yake. Nikachukua madumu nikatoka.

Wiki ile haikuisha. Tulimzika, majirani wakarudi makwao, turubai likakunjwa, na mimi nikarudi shule. Kuanzia hapo sikusoma kitabu chochote cha shule hadi mwisho. Nilikuwa bingwa wa madesa. Nilifaulu kidato cha pili, nikafaulu cha nne, nikapongezwa na walimu wale wale. Hakuna aliyegundua kwamba nimeacha kusoma, maana shuleni hakuna aliyekuwa akijua kwamba niliwahi kuanza.

Leo nafanya kazi mapokezi ya hoteli moja Mbezi Beach, naongea Kiingereza kutwa na wageni, na ulimi wenyewe hauniumi tena. Majuzi nilishuka kituoni Manzese nikitoka kazini. Kijana mmoja alikuwa ametandaza vitabu vya mitumba kwenye kiroba pembeni mwa muuza viatu. Sikuwa na nia ya kununua. Nikaona barabara ya vumbi na mtu anayetembea peke yake.

Nilichuchumaa nikakifungua nyuma. Katika sura moja yule bwana anaanguka kando ya barabara, anafumba macho, na sura inaishia hapo. Aliyeandika lile desa aliishia hapo pia. Labda alikuwa na mtihani wa Hesabu, labda alitumwa sokoni. Aliona mtu amefumba macho akaandika amekufa, na shule nzima ikanakili, mwaka hadi mwaka.

Nikageuza ukurasa. Kulikuwa na sura nyingine.

Ni fupi. Mvua inamwamsha. Anainuka, anatembea akichechemea, na kabla ya jua kuzama anafika. Walinzi wanamcheka miguu ilivyovimba, lakini mlango unafunguliwa. Anaketishwa. Anaambiwa, sema. Naye anasema tangu mwanzo, na hakuna anayemkatisha.

"Sista, chukua tu, tutaelewana bei," kijana aliniambia. Nilikuwa nimeshikwa na hasira ambayo haikuwa na pa kwenda: kwa mtoto nisiyemjua aliyechoka kabla ya sura ya mwisho, kwa mwalimu mwenye kalamu nyekundu, kwa shule iliyotunyang'anya lugha ya kuulizia. Nililipa nikaondoka nacho kifuani.

Nyumbani mama alikuwa jikoni. Nikamwuliza kama anamkumbuka yule bwana wa ng'ombe.

"Wa baba yako? Namkumbuka."

"Alifika, mama. Nimesoma mwenyewe. Alifika, na wakamsikiliza."

Aliweka mwiko chini. "Si ulituambia alifia njiani?"

"Desa lilikosea."

Chungu kikaanza kufurika, naye hakukiepua.

"Alilia siku ile," akasema. "Ulipokwenda kuchota maji. Alilia sana baba yako, kaelekea ukutani. Mie nikadhani ni mgongo, nikamgeuza."