Ijumaa Tuliyomfufua Marehemu

Siku yangu ya kwanza kazini, Mudir, yaani meneja wetu, alinipandisha ngazi hadi chumba cha mashine, akanionyesha tundu dogo ukutani. "Dunia yako ndiyo hii," aliniambia. "Huko chini wao wanacheka, wewe unafanya kazi." Mudir alikuwa Mwarabu aliyekulia Unguja, na Kiswahili chake kilinishinda hata mimi mtoto wa Ng'ambo, mjini hukohuko Unguja.

Jumba letu la sinema lilikuwa katikati ya Doha, mahali ambapo vijana wa leo mnapita mkienda kununua simu. Lilianza kama ukumbi wa wachekeshaji, waimbaji na wanamazingaombwe. Pazia la sinema lilikuja baadaye, likatundikwa nyuma ya jukwaa lilelile. Hata nilipofika mimi, kabla ya picha alitangulia mzee mmoja wa mazingaombwe, na njiwa wake hawakukosa kutoroka na kutua juu ya feni. Nilimpenda sana mzee yule, ijapokuwa kuwateremsha njiwa ilikuwa kazi yangu.

Wakati huo picha ilikuja kwa rili, magurudumu ya mkanda ndani ya makopo ya bati. Mashine zilikuwa mbili: rili ikiisha kwenye moja, unawasha ya pili papo hapo, mtazamaji asijue. Mkono wangu ulizoea mpaka ukawa haunisubiri.

Namba ya rili iliandikwa kwenye kifuniko cha kopo. Mkuu wa Mashine, Mhindi mpole, alinionya nifungue kopo mojamoja ninapokagua mkanda. Asubuhi ya Ijumaa moja nilikuwa na haraka zangu. Nikafungua mawili kwa pamoja, la tisa na la kumi, yaani la mwisho, nikayafunika kwa vifuniko vilivyobadilishana.

Baada ya swala, mabasi ya kampuni yakashusha wafanyakazi kutoka kambi za Industrial Area, ukumbi ukafurika. Picha ilikwenda vizuri. Kisha steringi, shujaa wa picha, akauawa, akazikwa, watu wakalia, maandishi ya mwisho yakapita. Walikuwa wameanza kutafuta viatu vyao. Macho yangu yalikuwa kwenye mkanda, si kwenye picha. Rili ikaisha, mkono ukawasha mashine ya pili. Marehemu akatokea na kilemba kichwani, yuko kwenye harusi yake, anacheza.

Ukumbi ulilipuka kwa kelele. Mimi niliduwaa tu, rili ikaenda hadi ikaisha. Mudir akaja juu anahema.

"We mwehu! Umemzika mtu kisha unamwoza? Khalas! Kesho nakukatia tiketi, urudi kwenu!"

Iqama yangu, kibali cha kuishi hapa, ilitegemea kazi ile, na nyumbani mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza. Nililia mbele ya Mudir, wala sioni haya kusema.

Mara akaingia mtu mzima wa Kipemba, fundi wa ujenzi, miongoni mwa watazamaji.

"Nani kaiweka picha vile?"

Mudir akaninyooshea kidole. Nilijua napigwa.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Juzi kaka yangu kazikwa kwetu Wete. Ruhusa ya kwenda nimenyimwa. Chumbani tunalala wanane, sina pa kulilia, ndiyo nikaja humu gizani. Nimelia. Halafu yule bwana karudi anacheza, nami nikajikuta nacheka." Akamgeukia Mudir. "Ijumaa ijayo muiweke vilevile. Nitakuja na wenzangu."

Mudir akampa mkono.

"Makiwa, mzee wangu," alisema. Kisha akaniambia mimi, "Vifuniko hivyo usiviguse."

Picha ile tuliionyesha hivyo Ijumaa tatu, na sikusikia tena habari ya tiketi. Baadaye nikawa Mkuu wa Mashine. Jumba lilipovunjwa nikahamishiwa sinema za maduka makubwa, ambako unabonyeza kitufe ukaenda kunywa chai. Nimestaafu sasa, nakaa Al Thumama, hapahapa Doha, na vijana hunitaka niwape siri ya kazi.

Nawaambia wawe makini, maana ndivyo nilivyofundishwa. Mimi mwenyewe nilipanga rili miaka mingi bila kukosea tena, na hakuna hata mmoja aliyepanda ngazi zile kunishukuru. Aliyepanda alikuja kwa ajili ya kosa langu, na ndiye ninayemwombea dua mpaka leo.