Kidole cha Mwalimu Elinami

Mwalimu Elinami alifundisha hesabu miaka thelathini na sita, akastaafu, akakaa nyumbani Tengeru wiki mbili tu, mkewe akamwomba kwa upole atafute pa kwenda. Ndivyo alivyoanza kutafuta dhahabu.

Msicheke bado. Tuko saba, wastaafu watupu, na kila Jumamosi tunateremka kwenye kijito kilicho chini ya migomba ya mzee Lemburis, upande wa Usa River, kila mtu na karai lake. Tunachota mchanga, tunauosha, tunainama mpaka viuno vinalia. Kwa miaka minne tumepata chembe tatu zinazong'aa. Sonara wa mjini alizitazama, akatutazama na sisi, akasema turudi nyumbani tukapumzike. Hatukupumzika. Mimi nilikuwa muuguzi, nimeona watu wanavyozeekea kwenye kochi, na heri kuzeeka maji ya mlimani yakipita miguuni.

Dhahabu hatuna, lakini sheria tunazo, na zote alizitunga Mwalimu, kwa kalamu nyekundu, kwenye daftari la hesabu. Kabla ya kugusa mchanga wa Lemburis, nenda kamsalimu, na sukari mkononi. Shimo ulilolimaliza lifukie, ng'ombe wa mtu asije akavunjika mguu. Usioshe juu ya mwenzio ukamtibulia maji. Ukiondoka hujalimaliza shimo lako, chomeka kijiti ukivike kofia yako, na hapo hata malaika hagusi mpaka Jumamosi inayofuata. Pete na cheni zivuliwe kabla ya kuingia majini, isije siku mtu akazimia kwa furaha kumbe kaokota hereni ya Sista Eunike, yaani mimi. Na sheria kuu, aliyoipigia mistari miwili: karai la mwenzio usilichungulie, alichopata usimuulize, na ulichopata wewe usimtangazie mchimbaji mwenzako. Alisema huko ndiko wivu unakozaliwa.

Ile ya pete aliivunja yeye mwenyewe kila Jumamosi. Mkewe, Mama Kandida, alimwambia siku ya harusi kwamba pete ile isitoke kidoleni mpaka kaburini, na kati ya daftari na mkewe, Mwalimu alijua cha kuogopa.

Mwezi wa tatu akaja amekifunga kidole cha pete bandeji.

"Nimejibana na mlango, Sista," akasema, wala sijamuuliza.

Nimefunga vidonda miaka thelathini. Mtu aliyebanwa na mlango hachokonoi mchanga kwa kidole hichohicho. Nikaendelea kuosha mchanga wangu. Mwezi wa nne bandeji ipo. Wa tano ipo, tena mpya, nyeupe pe. Watu wakaanza kunong'ona habari za ugonjwa wa sukari. Jumuiya yao ikakiombea kile kidole, na mimi nilikuwepo. Mama Kandida ndiye aliyeongoza, kafumba macho, sauti juu: "Bwana, kifungue kilichofungwa! Mpe mtumishi wako ujasiri!" Mwalimu aliitikia amina kama mtu aliyekwamwa na mfupa.

Wiki moja kabla ya jubilei yao ndipo uvumilivu ulipomwishia. Walikuwa wanatimiza miaka arobaini ya ndoa. Jumapili wangesimama mbele ya madhabahu, mchungaji azibariki pete upya usharika mzima ukiona, na mbuzi alishachaguliwa. Mwalimu alinifuata kwangu, akaifungua bandeji. Kidole kilikuwa kizima kabisa, kimepauka kama muhogo uliomenywa.

"Iliteleza majini, Sista. Baridi ilikuwa kali, kidole kikasinyaa. Nimelichimba lile shimo miezi mitatu."

"Mwambie mkeo."

"Afadhali nimwambie mchungaji nimebadili dini."

"Basi waulize wenzako kama kuna aliyeiokota."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo sokoni. "Nitaulizaje? Sheria ni yangu."

Kusema kweli nilikasirika. Mtu mzima yuko radhi aaibike mbele ya wajukuu kwa ajili ya daftari! Nikamwambia asipouliza yeye, nitauliza mimi, tena kwa sauti.

Jumamosi akauliza. Alikohoa mara nne, akasimama katikati ya kijito na suruali kaikunja hadi magotini, akasema, "Ndugu zangu, navunja sheria. Nimepoteza pete yangu ya ndoa humu. Kuna aliyeiona?"

Watu wakainamia makarai yao kwa aibu. Kisha Meshack, aliyekuwa fundi magari kule Levolosi, akaliweka karai lake chini.

"Niliiokota mimi, Mwalimu. Mwezi wa tatu."

"Na ukanyamaza?"

"Si sheria yako? Usimtangazie mchimbaji mwenzako." Akakuna kisogo. "Halafu ilikuwa ndani ya shimo lako. Kofia ilikuwepo kwenye kijiti, naiona. Nilikuja mapema, shetani akanipitia."

Kuchimba shimo lenye kofia! Mzee mmoja aliivua kofia yake akaikumbatia.

"Pete iko wapi, Meshack?"

"Ningekaa nayo? Mimi si mwizi. Ina majina yenu kwa ndani. Niliipeleka kwa Mama Kandida siku ileile. Sheria inamkataza mtu kumwambia mchimbaji, na Mama si mchimbaji. Alinipa bakuli la loshoro nikala, akaniambia nisiseme neno, mtaongea wenyewe."

Mwalimu wa hesabu akaanza kuhesabu miezi kwa vidole, na chenye bandeji kikiwemo.

"Kwa hiyo yale maombi..." akasema.

"Amina," nikamjibu.

Akaniomba nimsindikize nyumbani. Hata asingeniomba ningekwenda. Mama Kandida alikuwa uani, anamenya ndizi.

"Mama Godwin," Mwalimu akamwambia mkewe, "pete nimeipoteza tangu mwezi wa tatu. Kidole hakina kitu. Nilikudanganya."

Mama akaimaliza ile ndizi iliyokuwa mkononi. Akajifuta, akafungua fundo la pindo la khanga yake, na pete ikatoka.

"Kila asubuhi ulipojifunga hiyo bandeji nilisema, leo ataniambia. Miaka arobaini, Baba Godwin, bado unaniogopa?"

"Sikutaka uumie."

"Pete haikuniumiza. Bandeji ndiyo iliyoniumiza."

Mwalimu alikaa chini palepale kwenye maganda ya ndizi, na sitawaambia kama alilia.

Jumapili mchungaji alipoushika mkono wake kuibariki pete, akakiona kile kidole kimepona. Furaha ikamjaa. Akakiinua juu, akautangazia usharika kwamba maombi ya jumuiya yamejibiwa, na kwaya ikasimama tayari kuimba. Ilikuwa rahisi sana kunyamaza. Wajukuu walikuwa mstari wa mbele, na Meshack alikuwa nyuma anaangalia sakafu.

Mwalimu akamtazama mkewe. Mama Kandida hakumsaidia hata kwa ukope.

"Mchungaji," akasema, na kipaza sauti kilikuwa wazi, "hiki hakikuwa na kidonda. Kilikuwa na uongo."

Mama Kandida ndiye aliyeanza kucheka, kisha usharika mzima, naye akaushika mkono wa mumewe, asiuachie mpaka ibada ilipoisha.